Asili ya Pangaboi la Bafuni

Kiswahili kina jina la chombo ambalo limehifadhi ndani yake habari za mtu. Chombo cha kupepea kinachozungushwa na umeme huitwa pangaboi, na jina hilo dhahiri limetoka katika panka, yaani kile kitambaa kikubwa kilichotundikwa darini katika nyumba za wakubwa huko Bara Hindi, pamoja na boi aliyekaa kando akikivuta kwa kamba mchana kutwa. Boi amekwenda zake, kamba imekatika, umeme umeshika kazi, na jina la mtumishi limebaki juu ya mashine. Wala si Kiswahili peke yake kilichofanya hivyo. Waingereza nao wana neno ventilator, ambalo leo ni la chombo cha kupitishia hewa; lakini mwaka 1736, lilipotumika katika Baraza la Commons mjini London, lilikuwa jina la mtu.

Mtu huyo aliwekwa ili azungushe gurudumu la John Theophilus Desaguliers. Desaguliers alikuwa padri na mjuzi wa elimu ya maumbile, mzaliwa wa La Rochelle katika Ufaransa, aliyeletwa Uingereza angali mtoto wakati Waprotestanti walipokimbia mateso ya dini. Waheshimiwa wa Baraza walikuwa wakikutana katika kanisa la kale la St Stephen, chumba kilichojaa watu, pumzi zao na moshi wa mishumaa, na malalamiko juu ya joto lake yalikuwa ya siku nyingi. Kabla yake Christopher Wren alikuwa ametoboa matundu katika pembe za dari ili hewa ya moto ipae. Lakini mara nyingi hewa ya baridi ilishuka kwa matundu yale yale, ikawaangukia wabunge vichwani. Mwaka 1723 Desaguliers akapewa kazi ya kuondoa kero hiyo. Akajenga vijumba viwili juu ya dari, kila kimoja na meko yake, ili moto uivute hewa kutoka chini na kuitoa kwa dohani.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila vyumba vya juu vilikuwa mikononi mwa mwanamke mtunza nyumba, ambaye hakupenda kusumbuliwa makaoni mwake. Basi akawa hawashi moto mpaka Baraza limekwisha kukaa kitambo na chumba kimekwisha kufuka. Kufika hapo hewa ya vijumbani, iliyo baridi na nzito, ilikuwa imekwisha kushika njia ya kushuka, na joto la wabunge likazidi badala ya kupungua. Siku moto ulipowashwa mapema, kabla wabunge hawajaingia, hewa ilipanda vema tangu asubuhi hadi jioni. Habari hii Desaguliers aliiandika mwenyewe, kwa uchungu usiofichika, nayo yafaa kukumbukwa na kila fundi: chombo cha kuondoa hewa hakitoshi kuwa kizuri, bali hutaka pia mtu anayekipenda, au walau asiyekichukia. Miaka kumi na mitatu baadaye akaacha moto, akaleta gurudumu lenye kipenyo cha futi 7 na upana wa futi 1, lililogawanywa ndani kwa vibao, likizungushwa kwa mkono katika kasha lake. Liliweza kuvuta hewa chafu au kusukuma hewa safi, kama alivyotaka anayelizungusha. Pangaboi la bafuni la leo, lile dogo lenye mabawa ndani ya kasha la mviringo, ni mjukuu wa gurudumu hilo.

Wabunge walitaka hewa kwa ajili ya raha. Wafungwa waliitaka kwa ajili ya uhai. Mwaka 1750 wafungwa wa jela ya Newgate waliletwa mbele ya mahakama ya Old Bailey, chumba kidogo kilichosongamana watu, na baada ya siku chache watu wengi waliohudhuria wakashikwa na homa ya jela. Wakafa mahakimu wawili, akafa na Meya wa London, na wengine wengi pamoja nao. Wafungwa walikuwa wakifa kwa homa hiyo miaka yote bila ya mtu kushtuka. Sasa mji ulishtuka. Akaitwa Stephen Hales, padri wa Teddington, ambaye tangu mwaka 1741 alikuwa amewatangazia wataalamu mivukuto yake mikubwa ya kusafisha hewa katika merikebu. Mwaka 1752 juu ya paa la Newgate kilisimamishwa kinu cha upepo kilichoendesha mitambo ya Hales, na mabomba yakashushwa kutoka huko mpaka katika vyumba vya wafungwa. Mafundi waliofunga mabomba hayo waliingia mahali ambapo hakimu hakuthubutu kuingia, na baadhi yao wakapatwa na homa ile ile waliyokuja kuifukuza.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Desaguliers, Hales na karibu waganga wote wa zama zao waliamini kwamba maradhi yamo katika harufu: kwamba hewa iliyooza ndiyo sumu yenyewe. Kumbe homa ya jela huchukuliwa na chawa, na hilo lilithibitishwa na Charles Nicolle mjini Tunis mwaka 1909. Kinu cha Newgate, basi, kilipigana na adui asiyekuwapo. Hata hivyo si haki kuwacheka. Kwa kuifuata dhana iliyokosea, watu hao waliunda vyombo sahihi, nao waliofuata wakaja kuvitafutia sababu iliyo bora. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, wa Munich, aliacha kunusa akaanza kupima. Alisema kuwa hewa ya chumba hupimwa kwa gesi itokayo katika pumzi za watu, na gesi hiyo ikizidi sehemu moja katika elfu, basi chumba hakina hewa ya kutosha. Kipimo chake kingali kinatajwa na wahandisi.

Chumba cha kuogea, kwa upande wake, kilichelewa kuingia katika nyumba ya Mwingereza wa kawaida. Kwa miaka mingi familia iliogea ndani ya beseni la bati mbele ya moto wa jikoni, na choo kilikuwa uani. Nyumba yenyewe ilipumua bila kuamriwa. Kila chumba kilikuwa na meko, kila meko na dohani, na dohani huvuta hewa mchana na usiku hata pasipo moto mkali. Madirisha ya mbao yaliyolegea yakaingiza hewa nyingine mahali pa ile iliyotoka. Adui mkubwa wa hewa alikuwa mtoza kodi. Tangu mwaka 1696 hadi 1851 madirisha yalitozwa kodi kwa hesabu yake, na wenye nyumba wakayaziba kwa matofali ili wapunguziwe deni. Baadhi ya madirisha hayo yamezibwa hata leo.

New York walipata taabu ya namna nyingine. Sheria ya mwaka 1879 ilizaa nyumba za kupangisha zilizobanana ubavu kwa ubavu, na baina ya nyumba na nyumba ukaachwa mfereji wa hewa wenye upana wa inchi 28 hivi, ambamo madirisha ya vyumba vya ndani yalifunguka. Hewa haikushuka kwa mfereji ule. Zilishuka taka zilizotupwa kutoka orofa za juu, na moto ulipozuka ulipanda humo kama katika dohani. Sheria ya mwaka 1901 ikaukomesha, ikataka kila choo cha nyumba mpya kiwe na dirisha lake.

Umeme ulipofika, boi wa panka na mzungusha gurudumu wakapumzika. Schuyler Skaats Wheeler aliunda pangaboi la umeme la mezani mwaka 1882, lakini hilo lilizungusha tu hewa ile ile. Lililokuja kubadili nyumba ni lile la Joseph Charles Akester, Mwingereza, la mwaka 1936: pangaboi dogo lililokaa ndani ya tundu la mviringo lililokatwa katika kioo cha dirisha, likavuta hewa ya ndani na kuitema nje. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba wa kawaida aliweza kununua dukani kile ambacho Baraza la Commons lilimwajiria mtu.

Bado watu wengi walikiona kuwa anasa. Mambo matatu yalikigeuza kuwa lazima. La kwanza ni sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, iliyotungwa baada ya moshi wa London wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu. Makaa ya mawe yakaanza kuachwa, na meko yakazibwa. La pili ni upandaji wa bei ya mafuta mwaka 1973, uliowafundisha watu kuziba kila ufa ili joto lisipotee. La tatu ni majengo yenye fleti nyingi, ambamo bafu mara nyingi huwekwa katikati ya nyumba, mahali pasipo ukuta wa nje wala dirisha. Nyumba iliyokuwa ikipumua kwa dohani na nyufa ikawa kama chupa iliyotiwa kizibo, na ndani ya chupa hiyo watu wanaoga maji ya moto, wanapika, wanaanika nguo.

Kinachotokea si siri. Hewa ya digrii 20 huweza kubeba kiasi cha gramu 17 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikigusa ukuta ulio baridi ikapoa hadi digrii 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Zilizobaki huwa matone. Matone hukaa juu ya rangi, nyuma ya kabati, katika pembe za dari, na baada ya siku chache huja kuvu jeusi. Kuvu hutoa chembe, na chembe huingia katika mapafu.

Kanuni za ujenzi za England hutaka pangaboi la bafuni linalowashwa kwa vipindi litoe lita 15 za hewa kwa sekunde. Bafu la mita 2 kwa mbili na nusu, lenye dari ya mita 2.4, lina lita 12,000. Kwa hiyo pangaboi huhitaji dakika 13 hivi kutoa hewa yenye ujazo wa chumba kizima mara moja. Ndiyo maana mafundi hupendelea lile linaloendelea kuzunguka kwa robo saa baada ya taa kuzimwa. Lakini makosa ya ufungaji ni yale yale ya siku za Wren, yamevaa nguo mpya. Wako wanaoliacha bomba likomee darini badala ya kulifikisha nje, hata mvuke wote ukaenda kuozesha mbao za paa. Wako wanaoufunga mlango ukakaza, wakasahau kwamba hewa haitoki mahali ambapo nyingine haiingii. Uwazi wa milimita 10 chini ya mlango watosha, na bila uwazi huo mashine hupiga kelele bure. Na wako wapangaji wanaolizima kwa sababu ya kelele au kwa hofu ya bili ya umeme, kama alivyofanya mtunza nyumba wa Baraza kwa sababu zake.

Hapo ndipo huzuka swali la lawama: kuvu likiota, kosa ni la nyumba au ni la akaaye ndani? Swali hilo lilijibiwa kwa msiba katika mji wa Rochdale, kaskazini ya England. Katika fleti moja ya shirika la nyumba za kupangisha iliishi familia iliyotoka Sudan. Mwaka 1717 ulikwisha zamani, na elimu ya hewa na mvuke ilikuwa imekamilika vitabuni; lakini mwaka 2017, baba wa familia alipoeleza kuwa kuta zake zina kuvu, aliambiwa apake rangi juu yake. Akapaka, kuvu likarudi. Akalalamika tena na tena. Mwezi wa Desemba 2020 mtoto wake, Awaab Ishak, alifariki siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Mwezi wa Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya pumzi uliosababishwa na kukaa muda mrefu katika kuvu, na kwamba nyumba haikuwa na njia za kutosha za kupitisha hewa kwa maisha ya kila siku ya watu.

Shirika lilikuwa limeweka lawama kwenye mwenendo wa wakaaji. Lilikiri baadaye kwamba lilijikisia mambo juu ya desturi zao, na mwaka 2023 msimamizi wa malalamiko ya nyumba alieleza jinsi watumishi walivyozungumza juu ya upikaji wa wapangaji wa kigeni na kuoga kwao kwa ibada. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa katika kutawadha na katika ndoo na kata, atapima mwenyewe dhana hiyo. Anayeoga kwa ndoo moja hutumia maji machache kuliko asimamaye robo saa chini ya bomba la mvua. Wala hakuna aliyepata kumwambia Mwingereza kwamba bomba lake la mvua ni desturi ya kigeni. Kilichotakiwa Rochdale ni kazi ya fundi ya siku chache.

Mwaka 2023 Bunge, lile lile lililomwajiri mzungusha gurudumu, lilipitisha sheria yenye kifungu kinachojulikana kwa jina la mtoto huyo. Kilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Mashirika yenye nyumba hizo sasa yanalazimika kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza hatari kubwa ya unyevu na kuvu ndani ya siku 10 za kazi tangu kuarifiwa. Sheria nyingine ya mwaka huo huo ikaweka njia ya kuyafikisha masharti hayo hata kwa wapangaji wa nyumba za watu binafsi.