Ujenzi upya wa Unyakyusa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Ujenzi upya wa Unyakyusa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ni kipindi cha kuanzia mwaka 1916 hadi 1926 hivi. Katika miaka hiyo shule, makanisa na zahanati za kaskazini mwa Ziwa Nyasa, zilizoachwa bila wasimamizi baada ya Wajerumani kuondolewa, ziliendelezwa na walimu wenyeji wakisaidiwa na wamisionari wa Uskoti kutoka nchi jirani ya Nyasaland (leo Malawi). Serikali mpya ya Uingereza ilitawala chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa. Eneo linalohusika ni hasa halmashauri za leo za Kyela, Rungwe na Busokelo katika mkoa wa Mbeya, Tanzania.

Eneo na watu

Wilaya ya Kyela ni tambarare iliyo kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Rungwe. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani. Wakazi wengi ni Wanyakyusa, ambao zamani waliitwa pia Wakonde. Ufukweni upande wa mashariki, kuelekea milima ya Livingstone, wanaishi Wakisi, wanaojulikana kwa ufinyanzi wa vyungu. Wakati wa vita Kyela haikuwa bado wilaya. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Neu Langenburg, ambayo baadaye iliitwa Rungwe, na makao yake yalikuwa Tukuyu.

Tangu mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890, Mto Songwe ulikuwa mpaka wa makoloni mawili. Kwa wenyeji mpaka huo ulikuwa wa karatasi tu. Wangonde wa Karonga, ng'ambo ya mto, wanasema lugha inayoelewana na Kinyakyusa, wana mila zinazofanana na ndugu wa kuoleana pande zote mbili. Jambo hili lina uzito mkubwa katika habari inayofuata, kwa sababu ndilo lililowawezesha Waskoti wa Karonga kufanya kazi Unyakyusa bila kuanza upya.

Wamisionari wa Kijerumani wa makundi mawili walifika mwaka 1891 kwa njia ya mto Shire na Ziwa Nyasa, yaani kwa kupita katika eneo la Waingereza. Wamoravian walianza Rungwe na kuenea upande wa magharibi. Kituo chao cha tambarare kilikuwa Ipyana, karibu na mji wa Kyela wa leo. Misheni ya Berlin, ya Kilutheri, iliyoongozwa mwanzoni na Alexander Merensky, ilichukua upande wa mashariki, ikiwa na vituo kama Manow, Mwakaleli na Ikombe ufukweni. Hadi mwaka 1914 karibu elimu yote ya kusoma na kuandika wilayani ilikuwa mikononi mwa misheni hizi mbili.

Vita ziwani na mpakani

Vita ilifika Ziwa Nyasa mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo katika bandari ya Sphinxhafen, yaani Liuli. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa Rhoades, na alikuwa hajapata habari kwamba nchi zao zinapigana. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mzaha, lakini matokeo yake hayakuwa mzaha: Waingereza walimiliki ziwa tangu siku ile, na Wajerumani wa kaskazini walipoteza njia yao ya majini.

Tarehe 9 Septemba 1914 kikosi cha Kijerumani kilichovuka Songwe kilishindwa Karonga. Baada ya hapo mpaka ulitulia kwa kiasi hadi Mei 1916, jeshi la Jenerali Edward Northey lilipoingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini na kuiteka Neu Langenburg.

Mzigo mkubwa wa vita waliubeba wapagazi. Katika vita nzima ya Afrika ya Mashariki Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Wanaume wa pande zote mbili za Songwe walichukuliwa, na chakula na ng'ombe vilitwaliwa na majeshi yaliyopita. Mwishoni mwa mwaka 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita tena nyanda za juu, kutoka Songea kupitia Ubena hadi Rhodesia ya Kaskazini, akaweka silaha chini huko Abercorn (leo Mbala) tarehe 25 Novemba 1918. Wakati huohuo homa ya mafua ya dunia nzima ilikuwa imeingia nchini.

Unyakyusa haukupatwa na njaa kama ile ya Ugogo iliyoitwa Mtunya, iliyoua watu wengi sana kati ya 1917 na 1920. Migomba, mvua za kutosha na rutuba ya udongo wa volkeno viliwaokoa watu. Kwa hiyo kilichohitaji kujengwa upya hapa kilikuwa zaidi taasisi kuliko mashamba.

Vituo bila wasimamizi

Baada ya jeshi la Northey kuingia, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa kama raia wa adui na kuondolewa. Hadi mwaka 1920 karibu wote walikuwa wamerudishwa Ulaya. Waliobaki ni walimu, wainjilisti na wazee wa makanisa, ambao wengi walikuwa Wakristo wa kizazi cha kwanza. Hao ndio walioendesha ibada, waliofundisha watoto na kulinda majengo, mara nyingi bila mshahara, kwani fedha zilizokuwa zikitoka Herrnhut na Berlin zilikoma. Vitabu vya historia ya misheni vilivyoandikwa Ulaya huwapa mistari michache tu, ilhali bila wao pasingekuwa na cha kukabidhiwa kwa mtu yeyote.

Kifungu cha 438

Swali la nani amiliki ardhi, majengo na shule za misheni za Kijerumani liliamuliwa mbali sana na Kyela. Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 uliruhusu washindi kutwaa mali za Wajerumani na kuzihesabu katika fidia ya vita. Kama mali za misheni zingeingizwa humo, shule ya Ipyana ingeweza kuuzwa mnadani kama shamba la mlowezi. Joseph Oldham, katibu wa kamati iliyoendeleza kazi ya mkutano wa misheni wa Edinburgh wa mwaka 1910, alikuwa miongoni mwa waliopigania mali hizo zitengwe. Matokeo yake ni kifungu cha 438 cha mkataba huo. Kilisema kwamba mali za misheni zikabidhiwe kwa wadhamini wa imani ileile, na ziendelee kutumika kwa kazi ya misheni.

Kifungu hicho kilikuwa na upungufu wake. Hakikuwaahidi Wajerumani kurudi, na hakikuwataja Wakristo wa Kiafrika kama wenye haki yoyote juu ya majengo waliyoyajenga kwa mikono yao.

Waskoti wa Livingstonia

Misheni ya Livingstonia ilianzishwa mwaka 1875 kwa kumbukumbu ya David Livingstone, na kwa miaka mingi iliongozwa na daktari Robert Laws. Wakati wa vita ilikuwa chini ya Kanisa Huru la Muungano la Uskoti. Makao yake makuu yalikuwa Khondowe, juu ya ukingo wa magharibi wa ziwa, penye chuo cha walimu, wachungaji na mafundi. Kanisa hilo ndilo lililokubali kusimamia vituo vya Wamoravian na vya Berlin katika Unyakyusa.

Haukuwa msaada wa watu matajiri. Livingstonia yenyewe ilitoka vitani ikiwa na wamisionari wachache na upungufu wa fedha, na sasa iliongezewa eneo kubwa ng'ambo ya mpaka. Waskoti walikuwa Wapresbiteri, hivyo taratibu zao za kanisa zilitofautiana na za Walutheri na za Wamoravian waliotakiwa kuwatunza. Walichokuwa nacho ni ujirani na lugha. Duncan R. Mackenzie, aliyefanya kazi miaka mingi kati ya Wangonde wa Karonga, alichapisha mwaka 1925 kitabu juu ya watu wa kaskazini ya ziwa, The Spirit-Ridden Konde, akiwatazama Wangonde na Wanyakyusa kama taifa moja. Kitabu hicho kina dharau ya zama zake kwa dini ya wenyeji, lakini bado kinasomwa na watafiti kwa wingi wa habari zake.

Kwa kuwa wasimamizi walikuwa wachache, maamuzi mengi ya kila siku yalibaki kwa wenyeji. Mazoea ya miaka kumi ya kujiongoza hayakufutika Wajerumani waliporudi.

Serikali ya udhamini

Tanganyika ilipata jina hilo mwaka 1920, na mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa lilithibitisha kuwa nchi ya kudhaminiwa chini ya Uingereza. Mdhamini alitakiwa kutoa taarifa kila mwaka mbele ya kamati ya kudumu mjini Geneva. Masharti yake yalikataza biashara ya watumwa, na mwaka 1922 sheria ilipitishwa iliyofuta utumwa nchini. Yalitoa pia ruhusa kwa wamisionari wa nchi zote wanachama wa Shirikisho kuingia na kufungua shule. Ujerumani haikuwa mwanachama hadi Septemba 1926.

Katika fedha, udhamini ulikuwa mkavu. Haukuwapo mfuko wa kimataifa wa kuifidia nchi iliyokanyagwa na majeshi ya watu wengine. Serikali ya Gavana Horace Byatt ilitegemea zaidi kodi, ikiwemo kodi ya kibanda iliyotozwa kwa watu walewale waliobeba mizigo ya vita. Idara ya elimu ilianza mwaka 1920 ikiwa ndogo sana. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast (leo Ghana), ilitembelea Tanganyika na kusisitiza serikali na misheni zishirikiane katika elimu. Mwaka uliofuata Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na baada yake serikali ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti.

Kurudi kwa Wajerumani

Zuio dhidi ya Wajerumani liliondolewa mwaka 1925. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walirudi katika vituo vyao kuanzia wakati huo, nao Waskoti wakawakabidhi kazi na kurudi upande wao wa Songwe. Kwa kupima na desturi za zama zile, makabidhiano hayo yalikuwa ya heshima: aliyepewa mali ya jirani aishike aliirudisha.

Wenyeji waliopokea wageni wao wa zamani walikuwa wamebadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 yalienea pia makanisa yaliyoongozwa na Waafrika wenyewe, kama African National Church lililotoka Nyasaland, ambayo hayakuhitaji msimamizi kutoka Ulaya. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta Ukristo na mila za machifu (malafyale) zikiishi jirani kijiji kwa kijiji.

Vita ya pili na baadaye

Mambo yalijirudia mwaka 1939. Wajerumani walikamatwa tena, na safari hii Wamoravian wa nchi nyingine waliwasaidia ndugu zao wa Rungwe, huku Walutheri wa Marekani wa Kanisa la Augustana wakisimamia misheni za Kilutheri zilizobaki yatima nchini. Kutokana na kazi ya namna hiyo ulimwenguni kote, Shirikisho la Kilutheri la Dunia liliundwa mjini Lund, Sweden, mwaka 1947. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Dayosisi yake ya Konde, yenye hospitali za Matema ufukweni na Itete milimani, ina uhusiano na Berlin hadi leo. Wamoravian wa Jimbo la Kusini nao wana makao yao palepale Rungwe.