Baridi ya kipupwe: Njia 8 za kuweka nyumba na joto bila kununua hita wala kulala na jiko la mkaa

Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kipupwe. Ukiwa Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya au Lushoto, huna haja ya kuangalia simu ili ujue usiku wa leo utakuwaje. Baridi inakata. Sehemu za juu kama Kitulo, asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya majani.

Swali linarudi kila mwaka: nyumba nitaiwekaje na joto wakati hela ya hita sina? Na hata ukiipata hita, kuna bili. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nne kila usiku inakula uniti 8. Kwa mwezi ni uniti 240.

Habari njema ni kwamba joto tayari unalo. Linatoka kwenye jua la mchana, kwenye upishi na kwenye miili ya watu wa nyumbani. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 70 hadi 100 hivi, karibu sawa na balbu moja ya zile za zamani. Shida ni kwamba joto hilo linatoroka. Kazi yako ni kulizuia.

Kwanza kabisa: jiko la mkaa lisilale ndani

Hili linatangulia kwa sababu linaua. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu hudhani mkaa ukishaiva na kuacha kutoa moshi basi uko salama. Si kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa gesi hiyo.

Ukiivuta, inashikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200. Mwili unakosa hewa taratibu huku wewe umelala. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Aliyelala hazioni dalili hizo, ndiyo maana wengine hawaamki.

Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko la gesi nalo si la kupashia chumba joto. Ukimaliza kupika, toa jiko nje kabla hujafunga mlango wa kulala.

Ukimkuta mtu amezidiwa ndani ya chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka apate hewa safi, kisha mkimbize kituo cha afya hata kama ameanza kujisikia vizuri. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kwa nini baridi inaingia hivi?

Sababu ni tatu. Miezi hii jua liko upande wa kaskazini, na upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mashariki ukiwa na ubaridi. Pili, mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, na mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tatu, usiku usio na mawingu huachia joto la ardhi na la mabati lipande angani bila kizuizi.

Ukizielewa hizo tatu, utajua uanzie wapi.

1. Ingiza jua mchana, lifungie jioni

Dirisha linalotazama kaskazini ndilo linalopata jua kwa muda mrefu msimu huu. Fungua pazia lake asubuhi jua likishatoka, na usiweke kabati mbele yake. Ikifika saa 11 jioni, kabla jua halijazama, funga madirisha na teremsha mapazia yote. Wengi hukumbuka kufunga saa 2 usiku, wakati joto limeshaondoka.

2. Ziba upepo, anza upande wa kusi

Jioni yenye upepo, lowesha mkono na uupitishe pembeni mwa mlango na fremu za madirisha. Utausikia upepo unapoingilia. Anza na upande wa kusini na mashariki.

Chini ya mlango, chukua mguu wa suruali iliyochakaa, ujaze vitambaa au mchanga, funga ncha zote mbili na uulaze pale. Kwenye nyufa za fremu, sokomeza vitambaa vilivyokunjwa. Dirisha lenye nyavu tupu au vioo vya kupanga visivyofunga vizuri, bandika nailoni nzito kwa ndani. Mwanga utaingia, upepo hautaingia.

Angalizo: usizibe kila kitu. Acha tundu moja la hewa la juu, hasa mkiwa wengi chumbani.

3. Shughulikia juu, hasa kama hakuna dari

Joto hupanda. Nyumba ya mabati isiyo na dari ni kama sufuria isiyo na mfuniko. Ndiyo maana unaweza kuziba milango yote na bado ukatetemeka.

Kama dari bado haijawezekana, weka ya muda juu ya kitanda tu. Shona pamoja viroba vya unga vilivyooshwa, au mashuka ya zamani, uyafunge kwenye kenchi au kwenye nguzo za kitanda. Lengo ni kupata hewa iliyotulia kati yako na bati. Vitu hivi vinashika moto haraka, kwa hiyo mshumaa na kibatari visiwepo chumba hicho.

4. Tandika chini

Sakafu ya simenti inanyonya joto la miguu bila huruma. Mkeka, zulia kuukuu au maboksi yaliyokunjuliwa yanatosha kuleta tofauti. Tandika pale mnapokaa na pale unapokanyaga ukitoka kitandani.

5. Lala na kitu chini yako, siyo juu tu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu ana mablanketi matatu, yote kajifunika, lakini baridi inamtoka kwa chini. Godoro la sponji ukililalia linabonyea, na hewa iliyokuwa inashika joto inatoka. Chukua blanketi moja ulitandike chini ya shuka. Kati ya chaga na godoro weka maboksi. Kama unalala chini kabisa, maboksi mawili au matatu yapandane, na asubuhi uyainue yapate hewa yasiote ukungu.

Vaa nguo kavu za kulalia, siyo zile ulizoshinda nazo, maana zina jasho. Ongeza soksi na kofia.

6. Hamieni chumba kimoja

Nyumba ya vyumba vinne haiwezi kupata joto vyote. Jioni kaeni pamoja chumba kidogo zaidi, mfunge milango ya vingine. Watu watano waliokaa pamoja ni kama balbu tano za joto zinazowaka bure. Vitanda visogezwe mbali na ukuta wa nje, hata sentimita 10.

7. Chupa ya maji ya moto

Nusu saa kabla ya kulala, jaza maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, izungushie kitambaa, iweke kitandani upande wa miguu. Ukitumia chupa ya plastiki ya soda au maji, maji yasiwe ya kuchemka kwa sababu inajikunja na kupasuka. Igeuze juu chini kwanza uone kama haivuji. Kwa mtoto mchanga, pasha kitanda halafu uitoe chupa kabla ya kumlaza.

8. Punguza unyevu

Chumba chenye unyevu kinapoa haraka na kinaleta ukungu ukutani. Nguo mbichi zikaukie nje au barazani, siyo chumba cha kulala. Kila siku mchana jua likiwaka, fungua madirisha dakika 15 hewa ibadilike, kisha ufunge. Joto lililo ukutani na kwenye vitu halitaisha kwa dakika hizo.

Watoto wachanga na wazee waangaliwe zaidi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto la ndani lisiwe chini ya nyuzi 18 kwa nchi zenye msimu wa baridi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuvumilia chini ya hapo kwa muda. Kichanga na mzee hawawezi.

Kichanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani, hivyo kofia ni lazima. Njia bora ya kumpasha ni kifuani kwa mama au baba, ngozi kwa ngozi, kisha mfunikwe wote wawili. Uso wake ubaki wazi. Akiwa wa baridi kifuani na tumboni, amelegea au anakataa kunyonya, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Kwa mzee, angalia kama anaongea kwa kukokota maneno, anachanganyikiwa, au ameacha kutetemeka wakati mwili bado ni wa baridi. Hiyo ni dharura pia. Mbadilishie nguo kama zimelowa, mfunike, mpe uji au chai ya moto kama anaweza kumeza, na tafuta usafiri.

Vipi kuhusu komoni au pombe kali? Pombe inakufanya uhisi joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na kutoka hapo joto linapotea nje. Anayelewa na kulala kwenye baridi yuko hatarini kuliko asiyekunywa.

Ukianza leo usiku

Kama huwezi kufanya yote, fanya manne: toa jiko nje, ziba chini ya mlango, hamisha blanketi moja liende chini ya shuka, na kaeni chumba kimoja. Hayo hayahitaji hata shilingi. Dari ya viroba na nailoni za madirisha zinaweza kusubiri Jumamosi.

Una jirani au ndugu anayelala na jiko ndani? Mtumie makala hii kabla hajafunga mlango usiku wa leo.