Mbwa Alikula Nini Kabla ya Mfuko? Nafaka, Muhogo na Swali la Baba Yangu

Baba yangu ni zamu. Hapa Bujumbura neno hilo halihitaji maelezo, lakini kwa msomaji wa nchi nyingine niseme kwamba zamu ni mlinzi wa nyumba: anafungua lango, anamwagilia maua, na kama nyumba ina mbwa, anampikia mbwa. Kwa miaka tisa baba alimpikia mbwa mmoja aliyeitwa Simba, katika nyumba moja huko Kiriri. Kila jioni aliweka sufuria ndogo nyeusi kwenye jiko la makaa, akasonga ugali, akauchanganya na ndagala na mchuzi uliobaki. Sufuria ile ilikaa nje peke yake, haikuchanganywa na vyombo vya watu, kwa kuwa sisi ni Waislamu wa Buyenzi na baba ana utaratibu wake. Lakini mkono uliomsongea Simba ni ule ule uliotulisha sisi.

Simba alikufa mwaka jana. Wenye nyumba wakaleta mbwa mwingine mdogo, pamoja na mfuko wa chakula kutoka ng'ambo ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba hauna nafaka. Baba akaambiwa, bila ukali lakini pia bila kuficha, kwamba huenda ugali wake ndio uliomwua Simba, kwa sababu mbwa ni mla nyama na nafaka ni sumu kwake. Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa kimya. Tulipomaliza kula aliniuliza: "Mwanangu, wewe unasoma historia. Mbwa alikula nini kabla ya mfuko?"

Insha hii ni jibu langu kwa baba. Nitaanza na historia ndefu ya mbwa na mkulima, kisha nije katika eneo letu la Ziwa Tanganyika, halafu nieleze jinsi viwanda vilivyoweka nafaka katika chakula cha mbwa na jinsi vilivyoiondoa. Mwisho nitasema ni jinsi gani, kwa maoni yangu, mtu wa Bujumbura anaweza kuchagua.

Ni kweli kwamba mbwa anatokana na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, mnyama anayeishi kwa kuwinda. Hoja ya wenye mfuko inaanzia hapo, na wengi huishia hapo hapo. Lakini historia haikusimama porini. Mbwa aliishi na binadamu tangu enzi za uwindaji, na binadamu alipoanza kulima, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mbwa alibaki naye. Alikula mabaki ya mkulima, na mabaki ya mkulima ni wanga. Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu. Waligundua kwamba mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, ilhali mbwa wanaweza kuwa na nakala nyingi zaidi, hata kufikia thelathini. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mbwa waliotoka katika jamii za wakulima wana nakala nyingi kuliko wale ambao mababu zao waliishi mbali na mashamba, kama dingo wa Australia.

Kwa lugha nyepesi, tumbo la mbwa limebeba historia ya jirani yake. Tulipobadilisha chakula chetu, naye alibadilika. Kwa hiyo kusema kwamba nafaka ni kitu kigeni kwa mbwa ni kusahau miaka elfu kadhaa ya kuishi uani.

Sasa tuje kwetu. Kabla ya ukoloni, nafaka za Burundi zilikuwa hasa mtama na ulezi. Mahindi, kama maharagwe, ni mimea iliyotoka Amerika ikaenea polepole barani. Mbwa katika jamii zetu alikuwa wa uwindaji na wa ulinzi. Alipata mifupa na matumbo ya mnyama siku ya mawindo, na siku nyingine alipata kilichobaki chunguni. Waswahili husema mkono mtupu haurambwi, lakini hawakusema mkono uwe na nini. Mbwa aliuramba mkono uliokuwa na chochote.

Mbwa hawa walidharauliwa na wageni. Ushahidi mmoja uko katika jina. Kuna aina ya mbwa wa Kongo ambao leo wanajulikana duniani kwa jina la basenji, mbwa wasiobweka kama wengine. Walianza kufahamika Uingereza katika miaka ya 1930. Jina lao huelezwa kuwa limetokana na maneno yenye maana ya mbwa wa washenzi, neno ambalo kila anayesoma Kiswahili analitambua mara moja. Aliyedharauliwa hapo hakuwa mbwa peke yake, bali na mwenye mbwa, na chakula cha mwenye mbwa. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba amekaa kimya.

Kisha kuna muhogo. Wareno waliuleta kutoka Brazili hadi pwani ya Kongo katika karne ya 16, nao ukasafiri ndani ya bara kwa karne nyingi. Wajerumani walijenga boma lao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji wakalichukua mwaka 1916. Chini ya Wabelgiji, baada ya miaka ya njaa, serikali iliwalazimisha wakulima wa Ruanda-Urundi kulima mazao yasiyotegemea msimu, hasa muhogo na viazi vitamu. Njaa kubwa ya 1943 na 1944, ambayo majirani zetu wa Rwanda huiita Ruzagayura, ilizidisha msisitizo huo. Muhogo ukawa akiba iliyofichwa ardhini. Leo ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku cha nyumba nyingi za mji huu, na unga wake tunaujua kwa majina yake, kama kivunde, ule unaotokana na muhogo uliolowekwa ukavunda kabla ya kuanikwa.

Nilipofika hapo katika usomaji wangu ndipo nilipomwuliza baba swali ambalo ningepaswa kumwuliza siku ya kwanza: "Baba, ugali wa Simba ulikuwa wa unga gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maziwa. "Wa muhogo. Wa mahindi Simba hakuupenda."

Muhogo si nafaka. Muhogo ni mzizi. Kwa miaka tisa Simba alikula chakula kisicho na nafaka, bila mfuko na bila maandishi.

Turudi sasa kwenye mfuko wenyewe na tuulize umetoka wapi. Chakula cha mbwa cha kiwandani kilianza London kiasi cha mwaka 1860, pale Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa. Inasimuliwa kwamba alipata wazo hilo alipoona mbwa wa bandarini wakila biskuti ngumu za mabaharia. Biskuti zake zilitengenezwa kwa ngano, mboga na nyama iliyokaushwa. Kwa hiyo chakula cha kwanza cha mbwa kilichouzwa kama bidhaa ya kisasa kilikuwa na nafaka ndani yake, na kiliuzwa kama chakula bora kuliko mabaki ya jikoni. Mwaka 1922 kilitokea Marekani chakula cha makopo cha nyama ya farasi. Vita Kuu ya Pili ilipofanya bati kuwa adimu, viwanda vilirudi kwenye chakula kikavu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mashine za kusukuma na kuoka unga wa nafaka kwa mvuke zilileta punje tunazoziona leo. Nafaka iliingia kwa sababu ilikuwa rahisi, ilihifadhika na ilitia nguvu.

Basi kwa nini ikatolewa? Mwaka 2007 mbwa na paka wengi Marekani waliugua na kufa figo. Ilibainika kwamba gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya plastiki, ili ionekane kuwa na protini nyingi. Kosa lilikuwa la wadanganyifu, lakini lawama iliiangukia ngano. Wenye mbwa waliogopa, na viwanda vikaona soko. Chakula kisicho na nafaka kikashamiri, kikauzwa kwa bei ya juu na kwa picha ya mbwa mwitu juu ya mfuko.

Lakini nafaka ikitoka, lazima kitu kingine kijaze nafasi yake. Kilichoingia kilikuwa njegere, dengu na viazi. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka, wengi wao wakiwa wamelishwa vyakula vya namna hiyo. Hadi mwishoni mwa 2022 mamlaka hiyo ilikuwa haijathibitisha kwamba chakula ndicho chanzo, ikasema haitatoa taarifa zaidi mpaka sayansi mpya ipatikane. Kwa hiyo hatuna haki ya kusema mfuko ule unaua, kama wengine wasivyokuwa na haki ya kusema ugali unaua. Tunachoweza kusema ni kwamba maneno "bila nafaka" hayana maana ya "bila wanga," wala hayana maana ya "bora."

Je, nafaka haina hatari kabisa? Inayo, na sisi wa Afrika ya Mashariki tunaijua vizuri. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwishoni mwa 2005 sumu hiyo hiyo iliua mbwa Marekani kupitia chakula cha kiwandani chenye mahindi. Watu na mbwa waliuawa na kitu kimoja, nacho ni sumu ya ukungu. Kuhusu mzio, wapo mbwa wanaodhuriwa na ngano, lakini katika taarifa za madaktari wa mifugo nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku vinatajwa mara nyingi zaidi.

Kutokana na historia hii napendekeza mambo manne kwa anayechagua. Kwanza, asiulize tu kilichoondolewa kwenye mfuko, aulize kilichowekwa mahali pake. Pili, aangalie protini. Ugali peke yake, uwe wa mahindi au wa muhogo, haumtoshi mbwa, na muhogo ndio wenye upungufu mkubwa zaidi. Kilichomsaidia Simba ni ndagala, kwa sababu samaki ana protini na pia taurini, kirutubisho kinachohusika na afya ya moyo. Tatu, unga na mfuko vyote vikae pakavu, na chenye ukungu kitupwe, kisipewe mbwa kwa kisingizio kwamba ni mbwa. Muhogo mchungu nao ulowekwe vizuri, maana una sumu yake. Nne, kama mbwa anajikuna au anaharisha bila kukoma, aamue daktari wa mifugo, si maandishi ya mfuko wala mazoea ya zamu.

Kwa kuhitimisha, sijui Simba alikufa kwa nini, na historia haiwezi kumfufua ili apimwe. Alikuwa mzee. Lakini naweza kumjibu baba kwa uhakika juu ya lile alilouliza. Kabla ya mfuko, mbwa alikula alichokula mwenzake: mtama palipokuwa na mtama, ngano palipokuwa na ngano, na hapa kwetu muhogo na samaki wa ziwa. Aliyempikia hakumpa sumu, alimpa sehemu ya chakula cha nyumba.

Nilimsomea baba insha hii kabla ya kuikabidhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimesahau jambo moja: kwamba yule mbwa mdogo, mfuko ukimwagwa bakulini, hula haraka kisha huja kukaa karibu na jiko la makaa, akimtazama baba anavyosonga ugali wake wa usiku. "Nami," akasema, "humwekea ndagala mmoja pembeni. Hilo usiliandike."

Nimeliandika, baba. Unisamehe.