Beringi, Mtumishi Asiyeonekana

Ndugu wanachama, chama chetu kinapotimiza miaka 10, wengi watasimulia habari za bei ya pamba, maghala na vinu. Sisi twapenda kutaja kitu kidogo ambacho hakitajwi katika hotuba, nacho ni beringi: kile kitako cha madini ambamo shafti hulala na kuzunguka. Hatusemi ile yenye gololi, bali ile ya kale isiyo na gololi, ambayo ikiwa na umbo la bomba mafundi huiita bushi.

Asili yake ni ya mbali. Mikokoteni ya kale ilikuwa na ekseli ya mti ndani ya tundu la mti, iliyopakwa shahamu. Hayo yalitosha kwa mwendo wa ng'ombe. Lakini zilipokuja injini za mvuke na magari ya moshi, mti haukustahimili, na chuma juu ya chuma kililana.

Mwaka 1839 Isaac Babbitt, sonara wa Massachusetts, Marekani, alipata haki ya uvumbuzi kwa kitako kigumu kilichotandikwa ndani madini laini ya bati, shaba na antimoni. Hekima yake ilikuwa katika ule ulaini. Punje ya mchanga ikiingia, huzama katika madini yale badala ya kuichimba shafti. Mafuta yakikosekana, madini huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 240 hivi, na shafti yaweza kuokoka. Fundi humimina madini mapya, na kazi ikaendelea.

Hata hivyo, kazi ya mafuta yenyewe haikujulikana vema. Mwaka 1883 Beauchamp Tower, mhandisi Mwingereza, alitoboa tundu juu ya beringi aliyokuwa akiijaribu. Mafuta yakapanda na kumwagika. Akaziba kwa kizibo, nacho kikasukumwa nje! Alipofunga kipimo cha kani, sindano ilipita ratili 200 kwa kila inchi ya mraba. Mwaka 1886 Profesa Osborne Reynolds wa Manchester alieleza sababu: shafti inapozunguka huyavuta mafuta katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, nayo huinyanyua. Basi shafti huelea juu ya utando wa mafuta, isiguse madini ila wakati wa kuanza na wa kusimama.

Habari hii yatuhusu. Vinu vya pamba vya kale viliendeshwa kwa shafti moja ndefu yenye mikanda, ikishikwa na beringi nyingi. Moja ikikauka, hupata moto. Na palipo na nyuzi za pamba zinazopeperuka, moto huo ni hatari kubwa. Hata pasipo moto, kinu kikisimama katikati ya msimu, marobota hayafungwi, na mkulima aliyekwisha kuleta pamba yake hungoja fedha huku ada ya shule ikidaiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, katika sherehe hii, twaomba yule apitaye kila asubuhi na kopo la mafuta naye aitwe mbele apigiwe makofi. Na katika makisio ya mwaka ujao, fungu la mafuta lisiwe la kwanza kukatwa.