Kigari cha Mtoto Katika Tumbo la Ndege

Mzazi anayefika kwenye mkanda wa mizigo na kukuta kigari cha mwanawe kimepinda ekseli, kwanza huwalaumu wapakiaji. Lawama hiyo mara nyingine ni ya haki, lakini haifiki kwenye mzizi wa jambo. Kigari chepesi cha kukunja kilibuniwa kwa sababu ya safari za ndege, na aliyekibuni alikuwa mhandisi wa ndege. Alikusudia chombo cha kubebwa na mzazi mwenyewe, mkono mmoja ukiwa na kigari na mwingine na mtoto. Baadaye mashirika ya ndege yalikichukua mkononi mwa mzazi na kukiingiza katika mfumo wa mizigo uliojengwa kwa ajili ya masanduku, na hakuna upande uliobadilika kumfaa mwenzake. Hoja yangu ni kwamba uharibifu wa vigari kwenye ndege ni matokeo ya historia hiyo. Ndiyo maana mifuko ya kufunikia, inayonunuliwa kwa wingi na wasafiri, inasaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Kabla ya ndege, gari la mtoto halikuwa chombo cha safari ndefu. Mwaka 1733 William Kent, mbunifu wa bustani na majengo nchini Uingereza, alimtengenezea Duke wa tatu wa Devonshire gari la watoto wake lenye umbo la kombe, la kukokotwa na mnyama mdogo. Kazi yake ilikuwa kuwazungusha watoto bustanini. Karne ya 19 magari hayo yakapata mpini wa kusukumia na kuingia mitaani, na Malkia Victoria aliponunua ya kwake, kila familia yenye uwezo ikayatamani. Mwaka 1877 William Wilson alianzisha kampuni ya Silver Cross huko Leeds, na kwa miongo mingi gari bora la mtoto lilijengwa kwa ufundi uleule wa magari ya farasi: bodi ngumu, springi za chuma, magurudumu makubwa ya spoki. Uzito wake haukuwa hoja kwa wengi, maana lilisukumwa, halikuinuliwa.

Taabu ililetwa na jeti. Oktoba 1958 Comet 4, jeti ya shirika la Uingereza la BOAC, ilianza kuvuka Atlantiki ikiwa na abiria, na kabla mwezi haujaisha Boeing 707 ya Pan American ikafuata. Mwaka huohuo tiketi za daraja la bei nafuu zilianza kuuzwa katika njia hiyo. Mwaka 1960 East African Airways nayo ilipata Comet 4 zake na kuzirusha kati ya Nairobi na London. Safari ya wiki kadhaa melini ikawa ya chini ya siku moja, na familia zenye watoto wachanga zikaanza kupanda ndege kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Hapo ndipo lile gari la bodi ngumu lilipogeuka mzigo: halikunjiki likawa dogo, halipandishwi ngazi za ndege na mtu mmoja, na mama mwenye mtoto kifuani hana mikono mitatu.

Owen Maclaren alikuwa mhandisi mstaafu wa ndege, anayekumbukwa kwa kazi yake kwenye miguu ya kutulia ya Spitfire, ndege maarufu ya kivita ya Uingereza. Alipomsikia binti yake akilalamikia adha ya kusafiri kwa ndege na mtoto pamoja na gari zito, alianza kuunda kigari kingine nyumbani kwake Barby, kijiji cha Northamptonshire. Ombi la hataza liliwasilishwa Julai 1965, na vigari vya kwanza vikaanza kuuzwa mwaka 1967 vikiwa na uzito wa takribani kilo 2.7 tu. Ukikitazama kwa karibu utaona mkono wa fundi wa ndege. Mabomba membamba ya alumini yamepishana kwa umbo la X. Kitambaa cha kukalia kinaning'inia katikati bila ubao wala bodi. Na bawaba zinaruhusu fremu ifunge kwa upana na kwa kina kwa wakati mmoja, mpaka kibaki fungu moja refu, jembamba, kama mwavuli uliofungwa. Mguu wa ndege nao ni hivyo: unabeba uzito mkubwa ukiwa umenyooka, kisha unakunjwa na kufichwa mahali padogo.

Lakini wepesi huo una bei yake. Bomba lenye kuta nyembamba ni imara sana linapobeba uzito kwa urefu wake, yaani mtoto anapokaa na magurudumu yakiwa chini. Likigongwa ubavuni likabonyea hata kidogo, nguvu hiyo inapotea, na shinikizo linalofuata hulikunja palepale penye bonyeo. Kigari kilichokunjwa na kulazwa chini kinaonyesha ubavu wake wote. Maclaren hakukosea hapo: alibuni chombo cha kukunjwa, kutundikwa mkononi na kuingia na mwenyewe, na katika matumizi hayo hakuna sanduku la kilo 30 linalokilalia.

Sasa tazama kilichokuwa kikitokea upande wa pili. Boeing 737 iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 1967, mwaka uleule kigari cha Maclaren kilipoingia sokoni, na ikaja kuwa miongoni mwa ndege za abiria zilizotumika zaidi duniani, pamoja na katika njia nyingi za Afrika Mashariki. Ndege kubwa kama Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1970, hupakia mizigo katika makontena. Kwenye 737 masanduku hurundikwa kwa mkono, moja juu ya jingine, na mpakiaji hufanya kazi akiwa amepiga magoti kwa sababu dari haimruhusu kusimama. Humo sanduku la mstatili linapangika. Kigari, chenye magurudumu yaliyochomoza na mpini wa kunasa kila kitu, hakipangiki, kwa hiyo kinachomekwa palipobaki nafasi. Mpakiaji mwangalifu kuliko wote bado hana pa kukiweka pasipo na uzito pembeni au juu yake. Anayedai kwamba mafunzo ya wapakiaji yangemaliza tatizo anapaswa kueleza jinsi mafunzo yatakavyobadilisha umbo la tumbo la ndege.

Hapo ndipo mfuko unapoletwa kama jibu. Mfuko wa nailoni una faida, sitaki kuikana: unazuia mvua, grisi na uchafu wa mkanda, unashikilia vipande visipotee, na unafunika mikanda isinaswe. Kinachoshindikana kwa kitambaa ni kusambaza nguvu. Pigo likitua juu ya ekseli iliyofunikwa nailoni, ekseli ndiyo inayolipokea. Tena mfuko humshawishi mzazi kujaza nepi na nguo ndani yake, na uzito unaoongezeka hugeuka nyundo kigari kinaposhushwa kwa kishindo. Ushahidi mzuri zaidi ni safari ya kigari kabla hakijanunuliwa. Vigari vingi leo hutengenezwa China na hufika Mombasa au Dar es Salaam baada ya wiki nyingi baharini na kuhamishwa mara kadhaa, na vingi hufika vizima. Huja katika boksi gumu, magurudumu yakiwa yamevuliwa na vipande vya katoni vikijaza kila upenyo. Kinachokinga hapo ni ukuta mgumu pamoja na ujazo wa nafasi. Basi anayetaka kukikinga kweli kigari kinachokwenda tumboni afanye alichofanya mtengenezaji: avue magurudumu yanayovulika, akifunge kwa mkanda kisifunguke, akiweke kwenye boksi lake la asili au sanduku gumu, ajaze nguo laini kwenye mapengo.

Nitaambiwa kwamba ushauri huo unaua faida yenyewe ya kigari, kwa kuwa mzazi anakihitaji mpaka mlangoni mwa ndege, hasa katika viwanja vikubwa ambako kutoka ukaguzi hadi geti ni mwendo wa nusu saa. Ni pingamizi zito, nami naona ndilo kiini cha mkasa wote. Mtu anachagua kati ya kukitumia na kukikinga. Hapati vyote viwili. Desturi ya kukikabidhi kigari kwenye geti ilizaliwa kama maridhiano kati ya hayo mawili. Ina wema wake: kigari hukwepa mikanda mirefu ya chini ya uwanja, na kwa kuwa huingizwa mwishoni, aghalabu hukaa karibu na mlango wa shehena. Ubaya wake ni kwamba kinakwenda uchi. Na mashirika yenyewe yameonyesha kwamba uzito ndio unaoyasumbua: mwaka 2011 American Airlines iliacha kupokea kwenye geti vigari vinavyozidi ratili 20, yaani kama kilo 9, ikitaka vikabidhiwe kaunta pamoja na masanduku.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Wakati huo vigari vilikuwa vimenenepa tena. Max Barenbrug, Mholanzi aliyehitimu ubunifu Eindhoven mwaka 1994, alileta sokoni Bugaboo mwaka 1999, na miaka michache baadaye kigari hicho kilionekana katika tamthilia ya Sex and the City na kugeuka pambo la wazazi wa mijini. Magurudumu makubwa, viti vya kugeuzwa, fremu nene: karibu kila alichokipunguza Maclaren kilirudi. Mtu angetarajia vigari vizito vivumilie zaidi tumbo la ndege, lakini viungo vimeongezeka pia, na kila kiungo ni mahali pa kuvunjika.

Jibu lililofuata lilirudia wazo la mwaka 1965 kwa njia nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya Ufaransa, Babyzen, ilitoa YOYO, kigari kinachokunjwa hadi sentimita 52 kwa 44 kwa 18, ili kiingie katika kabati la juu ya viti. Vipimo hivyo havikuchaguliwa kwa kubahatisha: mwongozo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege, ulitaja mzigo wa mkononi wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25. Kigari kikarudi kwenye ulinzi wa mwenye nacho. Hata hivyo mwongozo si sheria, na kila shirika lina vipimo vyake. Juni 2015 IATA ilipendekeza kipimo kipya cha 55 kwa 35 kwa 20, na kama kingeshika, kigari cha upana wa 44 kingerudishwa tumboni. Pendekezo hilo lilisitishwa mwezi huohuo baada ya malalamiko. Kinga iliyo bora kuliko zote inategemea huruma ya kanuni inayoweza kubadilishwa kwenye kikao kimoja.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa Wazungu, kwamba mama wa pwani au wa bara ana mbeleko na kanga, na hizo hazivunjiki. Kwa mtoto wa miezi minne sina la kubisha. Mbeleko inashinda kila kilichotajwa hapa. Mtoto wa miaka miwili na kilo zake 12, baada ya saa kadhaa za kusubiri ndege ya kuunganisha, ni habari nyingine, na familia zinazokwenda na kurudi kati ya Afrika Mashariki na Ghuba, Ulaya au Marekani zinalijua hilo.

Imebaki sheria, na hapa historia imemtendea msafiri wema kuliko anavyojua. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 ulipima fidia ya mzigo kwa kilo: faranga 250 za dhahabu kwa kila moja, zilizokuja kuhesabiwa kama dola 20. Maana yake kigari cha Maclaren cha kilo 2.7 kikipotea kilistahili dola 54 hivi, ilhali gari la kizamani la kilo 25 lingestahili dola 500. Sheria iliadhibu wepesi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kazi tarehe 4 Novemba 2003, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujiunga, uliacha mizani hiyo na kuweka kikomo kwa kila abiria: kwanza SDR 1,000, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu mwisho wa Desemba 2024, SDR 1,519, karibu dola 2,000. Shirika linawajibika kwa mzigo uliokabidhiwa ukiharibika mikononi mwake, isipokuwa uharibifu umetokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Baadhi ya mashirika hujaribu kujificha nyuma ya kasoro hiyo, yakidai kigari ni dhaifu kwa asili. Dai hilo halikubaliki kirahisi: wepesi ndio ubora wa kigari, na anayepokea kitu chepesi akakilaza chini ya masanduku hawezi kukilaumu kwa kuwa chepesi. Mkataba huo pia unabatilisha sharti lolote la tiketi linalolenga kuliondolea shirika wajibu huo au kushusha kikomo chake.

Kwa hiyo, ukikabidhi kigari kwenye geti, dai lebo yake na uitunze, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba kilikuwa mikononi mwao. Kipige picha kabla hujakitoa. Kikirudi kimeharibika, usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha, kisha peleka malalamiko kwa maandishi: mwisho ni siku 7 tangu ulipokipokea, na baada ya hapo haki ya kudai inakwisha.