Dozi ya TB: kwa nini isikatishwe

Kifua kikuu, au TB, kinatibika. Hata hivyo, ni miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayoua watu wengi zaidi duniani, hasa katika nchi maskini. Katika makala hii tunaeleza kwa nini kumaliza dozi si jambo la mgonjwa peke yake.

Vimelea vya TB huenea kwa njia ya hewa mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Nyumba zenye watu wengi na madirisha madogo huvisaidia kuenea. Wanaougua kwa urahisi zaidi ni watoto wadogo, wenye utapiamlo na watu wanaoishi na VVU.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Kwa miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata huendelea na mbili za mwanzo. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua na nguvu hurudi. Hapo ndipo wengine huacha dawa. Lakini vimelea vilivyobaki vinaweza kuzaana tena na kuwa sugu. TB sugu ni ghali zaidi kuitibu, na mgonjwa anaweza kuambukiza wengine usugu huo huo.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika historia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Dkt. Karel Styblo, ulianza kuandikisha kila mgonjwa, kusimamia umezaji wa dawa na kupima makohozi tena. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo duniani kwa jina la DOTS.

Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali nchini Tanzania, lakini nauli na chakula si bure. Kibarua akienda kliniki hupoteza ujira wa siku. Ndiyo maana msaada wa ndugu, jirani na mwajiri ni sehemu ya tiba.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku au kupungua uzito, nenda kituo cha afya ukapimwe. Na ukianza dawa, usiache mpaka mhudumu wa afya akuambie umemaliza.