Augusta Chiwy, muuguzi aliyeitwa Anna

Kwenye kilio hapa Golf, Lubumbashi, viti vya plastiki vikishapangwa na wanakwaya wakishapumzika, mtu wa ukoo husimama na karatasi akasoma maisha ya marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Marehemu akiwa muuguzi, habari yake huwa mstari mmoja: alifanya kazi ya hospitali. Kisha msomaji anarudi kwa wajukuu, na miaka thelathini ya zamu za usiku imekwisha kabla chai haijafika.

Lakini mji wenyewe ulibeba jina la muuguzi kwa miaka 56. Élisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910, ulipewa jina la malkia Elisabeth wa Ubelgiji, binti wa mwana wa ukoo wa kifalme wa Bavaria aliyekuwa pia daktari wa macho. Vita vya 1914 vilipozuka, malkia aliishika mkono hospitali ya L'Océan iliyofunguliwa ufukweni De Panne na daktari mpasuaji Antoine Depage, na mara nyingi alionekana humo wodini. Wabelgiji wakamwita malkia muuguzi. Mwaka 1928 alikuja Kongo na mumewe, Albert I. Jina lake lilifutwa hapa mwaka 1966, mji ulipoitwa Lubumbashi. Edith Cavell, Mwingereza aliyekuwa metroni wa shule ya wauguzi ya huyo huyo Depage kule Brussels, alipigwa risasi na Wajerumani tarehe 12 Oktoba 1915 kwa kuwatorosha askari. Naye ana sanamu yake. Sina ugomvi na sanamu za watu. Ninayemtaka leo ni mwingine, wa upande wetu.

Augusta Chiwy alizaliwa mwaka 1921 Mubavu, katika Burundi ya leo, enzi ambazo Ubelgiji ilitawala huko na huku kwetu. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo, Mbelgiji. Mama yake alikuwa Mwafrika. Akiwa na miaka tisa alipelekwa Ubelgiji, kwenye mji mdogo wa Bastogne, na alipokua akasomea uuguzi Leuven. Kumbuka kwamba miaka ile, huku Kongo, kazi ya uuguzi kwa watu weusi ilishikwa zaidi na wanaume. Hata hospitali ya uwanjani iliyotoka Kongo kwenda na jeshi la Waingereza hadi Burma ilihudumiwa na wauguzi wanaume wa Kikongo.

Desemba 1944 Augusta alifunga safari kutoka Leuven kwenda kula Noeli na baba yake. Tarehe 16, siku hiyo hiyo ya safari, Wajerumani walianza shambulio lao la mwisho kubwa upande wa magharibi, na siku chache baadaye Bastogne ilikuwa imezingirwa. Daktari wa Kimarekani, John Prior, alikuwa na kituo cha majeruhi kwenye barabara ya Neufchâteau, dawa zikiwa karibu kwisha na mikono ikiwa michache. Alipata wasaidizi wawili wa kujitolea: Renée Lemaire, msichana wa Bastogne, na Augusta.

Wakati ule jeshi la Marekani lilitenga weusi na weupe kila mahali. Hata damu ya kuwaongezea majeruhi ilihifadhiwa kwa rangi ya mtoaji. Sasa askari mweupe anafumbua macho na kumwona binti mweusi akimfunga jeraha. Wapo waliokataa. Prior aliwaambia kwa ufupi kwamba chaguo lao lingine ni kufa, na kazi ikaendelea. Nguo zake zilipojaa damu, Augusta alivaa sare ya kijeshi ya Marekani, akatoka nje na wabeba machela kuwachukua majeruhi huku risasi zikipita. Prior alimtania kwamba ufupi wake ndio ulimwokoa. Yeye akajibu kwamba uso mweusi kwenye theluji yote ile ulikuwa shabaha rahisi, kwa hiyo hao Wajerumani hawajui kulenga.

Usiku wa tarehe 24 bomu la ndege likaangukia kituo. Majeruhi kama 30 walikufa, na Renée pamoja nao. Augusta alikuwa na Prior kwenye nyumba ya pembeni. Mshindo ulimtupa akapita ukutani, akanyanyuka mzima. Renée alikuwa ametamani mwavuli mweupe wa askari wa angani ili ashone gauni la harusi. Prior aliurudisha mwili wake kwa wazazi ukiwa umefungwa katika mwavuli huo.

Renée akawa malaika wa Bastogne, na alistahili. Augusta alinyamaza. Kwa miaka mingi hakutaka kuizungumzia Desemba ile. Alirudi kwenye uuguzi, akaolewa, akazaa watoto wawili, na kumbukumbu akazifungia ndani. Mwaka 2001 televisheni ya Marekani ilipoonyesha tamthilia ya Band of Brothers, muuguzi mweusi wa Bastogne alikuwemo, lakini kwa jina la Anna. Ni mwanahistoria wa Kiskoti, Martin King, aliyemtafuta hadi akamkuta mzee katika nyumba ya wazee huko Ubelgiji. Mwaka 2011 ndipo mfalme Albert II alipompa nishani, na Desemba ya mwaka huo jeshi la Marekani nalo likampa ya kwake. Miaka 67 ilikuwa imepita. Alisema alichofanya ni cha kawaida tu. Alifariki Agosti 2015, akiwa na miaka 94.

Hilo neno "kawaida" nimeshalisikia. Mama mkubwa wangu alikuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa mjini Desemba 1961, vikosi vya Umoja wa Mataifa vilipopigana na jeshi la Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo. Ni mwezi ule ule ambao Georges Olivet, mjumbe wa Msalaba Mwekundu, aliuawa hapa pamoja na wasaidizi wake wawili, Nicole Vroonen na Styts Smeding, wakiwa na gari lao la wagonjwa. Nilimuuliza mama mkubwa walifanyaje. Akacheka. "Tulilaza wagonjwa chini, mbali na madirisha. Shuka zikapasuliwa. Ni kazi ya kawaida, mwanangu." Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nina kalamu.

"Ile karatasi ya kilio changu, iandike wewe. Anza na zamu: tuliingia saa kumi na mbili jioni, hatukutoka mpaka siku ya tatu."